Kauli ya Mlangoni katika Nchi ya Geuzo

Ziko nchi ambazo ramani haikuzipatia nafasi, na Geuzo ni mojawapo. Jinsi Mwalimu Mhina alivyofika huko haina haja ya kutupotezea muda, aliyefika kafika. Tuseme tu kwamba alikuwa amestaafu, amekaa barazani kwake Korogwe na magoti yanayouma kila mvua ikikaribia, na mtu mzima asiye na kazi husafiri mbali bila hata kuinuka kitini.

Mhina huyu alisomesha Kiingereza vidato vya juu mpaka nywele zikamwisha. Na katika Kiingereza hicho kulikuwa na kitu kimoja alichokipenda kuliko vyote, nacho ni kugeuza sentensi. Unapewa sentensi, unapewa neno la kuanzia, unaambiwa: andika upya bila kubadili maana. Aliyetenda anarudi nyuma, aliyetendwa anakuja mbele. Chai iliyokuwa ya moto mno kunyweka inakuwa ya moto kiasi kwamba haikunyweka. Wanafunzi wengi waliiona adhabu. Yeye aliiona raha ya dunia. Darasa zima likiitikia kwa sauti moja, mvua ikitwanga bati, chaki imemjaa puani, na yule Shekiondo wa dawati la nyuma ambaye ukimwambia aanze na "Ingawa" yeye ataanza na "Laiti", mwaka mzima, bila aibu. Hayo yalikwisha. Vijana wa leo wana simu inayowageuzia sentensi wakiwa wamelala chali, na tangu Mhina alipokabidhiwa saa ya ukutani na keki ya kustaafu, hakuna aliyemwuliza swali. Aliikumbuka kazi yake kila siku.

Kwa hiyo utaielewa furaha yake alipogundua kwamba katika Geuzo kugeuza sentensi ndiyo sheria ya nchi.

Aligundua sokoni. Aliomba fungu la mchicha, na muuzaji, mama mnene mwenye subira, akamwambia kwa upole kwamba hajasikia kitu, aanze na "Laiti". Mhina akasema laiti angepata fungu moja la mchicha. Akapewa, na kitunguu akaongezewa kwa uzuri wa sentensi. Nyuma yake palikuwa na mzee aliyepewa "Licha ya" tangu alfajiri na bado hajanunua chumvi. Watu wa Geuzo wanaamini kwamba neno la kwanza la mtu halihesabiki. Kuropoka kila mtu anaweza, wanasema. Mwenye akili ni yule awezaye kulisema jambo lake tena kwa namna nyingine, maana ikabaki palepale. Ndivyo wanavyosalimiana, ndivyo wanavyoposa, na mwenye jino bovu hawezi kung'olewa mpaka akigeuze kilio chake mara moja mbele ya mganga.

Ofisini ndiko kulikomvutia zaidi. Huko hakuna mtu anayetenda jambo. Mambo hutendwa yenyewe. Mhina alionyeshwa mahali ambapo daraja lilijengwa, daraja likabomolewa, fungu la daraja likaliwa. Wahusika walitafutwa sana lakini hawakuonekana, kwani katika sentensi hawakuwamo. Karani aliyemweleza hayo alikuwa mtu mwema kabisa, na alisikitika kwa dhati kwamba mto ulikuwa unavukwa kwa kuogelea.

Mkuu wa Mageuzo, Mheshimiwa Ngwali, alimpokea Mhina kama mtu anavyompokea mkwe. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye sauti ya kubembelezea mtoto, na alimkalisha mwalimu mstari wa mbele katika baraza la nchi ili aone hekima ikifanya kazi. Siku hiyo ilikuwa imeletwa taarifa kutoka vijiji vya milimani: watoto wamelala bila kula. Mjumbe wa kwanza akaigeuza: chakula hakikuliwa na watoto. Mhina akatikisa kichwa kukubali, ni sahihi. Wa pili akasema chakula cha watoto hakikuguswa. Hapo napo Mhina angetia vema. Wa tatu, kijana mwenye miwani, akasema kisichoguswa kimebaki, kwa hiyo chakula kimebaki. Wa nne akahitimisha kwamba vijiji vya milimani vina chakula cha ziada. Baraza lilipiga makofi, na ikaamriwa chakula hicho cha ziada kishushwe mjini.

Mhina naye alipiga makofi mawili matatu kabla mikono haijamzizima. Alijaribu kutafuta ni hatua ipi iliyokosewa. Kwa kalamu nyekundu mkononi, angezipitisha zote isipokuwa moja, na hata hiyo angemwachia mwanafunzi nusu alama. Alirudi alikofikia, akajiambia kwamba kila nchi ina ugeni wake.

Kesho yake Ngwali alimwita kwa shida iliyolitia baraza aibu. Kuna mtu, alisema, anayeitwa Simai, aliyeshindwa mtihani wa utu uzima kila mwaka tangu ndevu zilipomwota, na sasa ndevu zenyewe zimeanza mvi. Kama mwalimu bingwa kutoka ng'ambo angemfundisha akafaulu, angepewa kiti cha kudumu barazani na darasa la kufundisha maisha yake yote. Darasa! Mhina alisikia moyo ukimdunda kama wa kijana aliyekubaliwa posa.

Mtihani wenyewe ulikuwa hivi. Huko Geuzo, siku mtoto anapotoka nyumbani peke yake kwa mara ya kwanza, mama humwambia neno moja pale kizingitini. Neno hilo huitwa kauli ya mlangoni, nalo huandikishwa barazani. Mtoto akikua huitwa, hupewa neno la kuanzia, na huigeuza kauli ya mama yake bila kubadili maana. Akifaulu, amekuwa mtu mzima. Kauli mpya hugongwa muhuri na kuwa ndiyo ya nyumba hiyo, na ile ya zamani haitamkwi tena na yeyote, hata na mama aliyeisema. Asiyefaulu hubaki mtoto: huvaa kaptura, huketi kwenye mkeka wa watoto, haoi, hasimamii nyumba wala mgonjwa.

Na hilo la mwisho ndilo lililokuwa likimtesa Simai. Mama yake, Bi Mize, alikuwa mzee sana, na kifua kilikuwa kimembana. Kwa kuwa nyumbani hapakuwa na mtu mzima mwingine, serikali ilimchukua ikamweka katika Nyumba ya Kungojea, mahali safi, penye vitanda vilivyopangwa vizuri, ambako hakuna aliyewahi kurudi. Simai akifaulu, anamchukua mama yake siku hiyohiyo. Asipofaulu, mama atazikwa na serikali.

Mhina alimkuta Simai mbele ya nyumba ya mama yake, jitu zima la kifua kipana limevaa kaptura, likimenya muhogo. Alimwamkia mwalimu shikamoo kwa heshima zote. Wakakaa kivulini mwa ukuta wa jiko, wakaanza mazoezi.

Nakwambia, Mhina hakupata kuwa na mwanafunzi wa namna ile. Alimpa sentensi zake zote za Korogwe, zile alizozitunga mwenyewe usiku akisahihisha madaftari: mvua iliyonyesha hata mto ukafurika, mkulima aliyelima mapema na jirani yake aliyechelewa, treni iliyokuwa imeshaondoka abiria walipofika. Simai alizipokea kama mtu anavyopokea maembe, anazigeuza, anazirudisha. Aanze na "Laiti", anaanza. "Ingawa", "Si tu", "Isingekuwa", zote. Akamaliza akamwomba mwalimu nyingine. Mhina alisahau magoti yake. Alisimama, akatafuta kipande cha mkaa, akaandika kwenye ukuta wa jiko, na kwa muda akasikia kabisa madawati yakikwaruza sakafu na sauti za vijana wale ambao sasa ni baba na mama za watu, wengine marehemu. Alimwambia Simai juu ya Shekiondo na "Laiti" zake, wakacheka mpaka jirani akachungulia.

Ndipo Mhina akamwuliza, sasa wewe unashindwa kitu gani.

Simai aliweka kisu chini. Kauli ya mama yake, alisema, ilikuwa hii: Rudi kabla ya chakula kupoa. Na neno la kuanzia alilopewa na baraza, ambalo kwa sheria halibadilishwi, lilikuwa "Usirudi".

Mhina hakuhitaji hata kufikiri. Mdomo ulijisemea wenyewe, kwa mazoea ya miaka: "Usirudi baada ya chakula kupoa. Maana ni ileile. Hapo huna hata pa kukosea."

"Jibu nalijua tangu nikiwa na meno ya utotoni, mwalimu," Simai akasema. "Lakini mama yangu hajawahi kuniambia nisirudi. Hata siku niliyompasulia mtungi. Hata nilipokosana naye nikalala nje siku mbili. Nikilisema hilo barazani, ndilo litakalokuwa neno lake. La kwanza halitatamkwa tena. Na wewe unasema maana ni ileile?"

Mhina akaanza kueleza kwamba kabla na baada ni pande mbili za jambo moja, ukikanusha huku lazima ukubali kule. Alieleza vizuri. Simai alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, bila hasira, basi nenda ukamwambie yeye mwenyewe.

Akaenda. Bi Mize alikuwa amelazwa karibu na dirisha, mdogo, kichwa kimefungwa kitambaa cheupe, macho makali. Alipojua kwamba mgeni anatoka kwa mwanawe aliuliza kama Simai amekula. Mhina akasema amekula. Bi Mize akauliza amekula nini, na kwa kuwa Mhina alisitasita kidogo, akaguna. Mtu yule, alilalamika, akiachwa peke yake hula muhogo mbichi kama panya.

Mwalimu Mhina aliketi pembeni ya kitanda akiwa na ile sentensi mdomoni. Maelfu ya sentensi alishazipitisha maishani, na hii ilikuwa sahihi kama zilivyokuwa zile. Alimtazama yule bibi, pumzi zake zikipanda kwa tabu na kushuka kwa tabu, na sentensi ikamkwama kama mwiba wa samaki. Alikohoa, akazungumzia hali ya hewa. Huko Geuzo hata hali ya hewa inabidi igeuzwe, kwa hiyo ikamchukua muda.

Bi Mize alimwacha amalize. Kisha akasema, kwa sauti ya chini ili muuguzi asimtake aseme tena: "Najua kilichomo tumboni mwako, mwalimu. Walishaniletea zamani. Mwambie mwanangu aseme wanachotaka. Mimi ndiye niliyeisema ile ya kwanza, na nilichokusudia nakijua. Nataka kufia jikoni kwangu, si hapa kwenye mashuka ya watu."

Mhina alimfikishia Simai ujumbe huo kama ulivyo, neno kwa neno, jambo ambalo Geuzo ni kosa. Simai aliokota kisu, akauinamia muhogo wake akamenya. Hakulia, lakini alipoinua uso alikuwa amezeeka.

Barazani siku ya mtihani watu walijaa mpaka madirishani, maana mtoto mwenye mvi hageuzi kila siku. Ngwali aliisoma kauli, akatoa neno la kuanzia kwa ile sauti yake ya kubembeleza. Simai akasimama na kaptura yake. Akajipangusa vumbi la mkeka wa watoto. Kisha akasema, wazi, kila silabi mahali pake: "Usirudi baada ya chakula kupoa." Muhuri ukagongwa. Vifijo vikapigwa. Ngwali alimshika Mhina mkono na kumwambia kwamba kiti chake kimeshatengenezwa, na Mhina akashangaa jinsi ambavyo hakuhisi chochote.

Bi Mize alitolewa papo hapo, na Mhina ndiye aliyepewa ruhusa ya kumpeleka nyumbani kwa mkokoteni, kwa sababu mtu mzima mpya haondoki barazani haraka. Kuna kuvishwa suruali ndefu, kuna kiapo, kuna hotuba, na kila hotuba lazima igeuzwe. Halafu kulikuwa na jambo jingine, ambalo Ngwali alimwambia Mhina mlangoni kama mtu anayekumbuka mwavuli. Siku ya kwanza, mtu mzima mpya hurudi nyumbani akifuatana na mkaguzi, aonekane anaishi kwa kauli yake. Mkaguzi atakishika chungu. Ikiwa chakula kimepoa, Simai hataingia. Atarudishwa utotoni, na mama atarudishwa alikotoka. Hakuna ubaya, Ngwali alisema, ni utaratibu tu unaofuatwa.

Mhina aliusukuma ule mkokoteni, na njiani akamweleza Bi Mize yote. Walipofika bibi aliomba ashushwe jikoni, si chumbani. Akaketi kwenye kigoda, akashika kifua, akapumua, akaagiza muhogo ule uliomenywa uletwe, na nazi, na chumvi iko kwenye kifuu pale juu. Mhina alikuna, alichuja, alipuliza moto mpaka macho yakamwiva. Muhogo ukatokota, ukaiva. Jua lilikuwa bado juu, na Simai hajaonekana.

Jua likainama. Kutoka barazani vilisikika vigelegele, kisha hotuba, kisha hotuba ileile ikianza na neno jingine. Moto ulianza kufifia na Mhina akaingiwa na hofu ya kweli, hofu ambayo hakuipata hata siku za wakaguzi wa shule. Bi Mize akamwonyesha kwa kidole: sukuma kuni ile. Akaongeza tui kidogo chungu kisiungue. Akafunika kwa mkungu wa udongo, akachota makaa kwa kipande cha kigae, akapalia juu. Kifua kilimshika akakohoa mpaka Mhina akadhani ndiyo basi. Alimwomba apumzike, yeye ataulinda moto. Bibi akamwambia kwamba mwanamume hajui kulinda moto, anajua kuuwasha tu. Na hivyo ndivyo walivyokaa, makaa yakififia anayabadilisha, tui likikauka anaongeza, giza likaingia, Simai hajaonekana, na yule mama hakuwahi kuondoa mkono wake karibu na kile chungu.

Hatimaye zikasikika nyayo. Simai alisimama nje ya kizingiti na suruali ndefu iliyomkakamaa miguuni, uso umemshuka, kwani alijua mama yake hupika saa ngapi. Nyuma yake alikuwa Bwana Dadi, mkaguzi, mtu mfupi aliyechoka na ambaye hakumtakia mtu mabaya. Alimwambia Simai angoje. Akaingia akipangusa mikono, akasema kwa masikitiko kwamba usiku umeshaingia, na kwa kawaida chakula cha saa hizi hukutwa kimepoa.

"Kishike," Bi Mize akasema.

Bwana Dadi akakishika chungu kwa kiganja kizima. Aliruka akaupeleka mkono mdomoni, akabaki ananyonya vidole kama mtoto mchanga. Alipoweza kusema, akauliza inawezekanaje.

"Mmemwambia asirudi kikishapoa," Bi Mize akasema. "Mimi hamkuniambia nikiache kipoe."

Mkaguzi akafikiri. Aliigeuza kimyakimya, midomo ikimcheza, akijaribu mwanzo huu na mwanzo ule, na kila alipoanzia hakupata pa kumtoa yule mama. Mwishowe akasema chakula kimekutwa cha moto, na kwa kuwa hakuwa amekula tangu asubuhi, akauliza kwa haya kama kuna sahani ya nne.

Simai akaingia. Mama yake hakurudia lile neno la zamani. Alimwambia tu kwamba amechelewa, anawe mikono. Akampakulia kwanza yeye, kisha mkaguzi, kisha Mhina. Muhogo ulikuwa laini, nazi imekolea, na mvuke ukampanda mwalimu usoni. Ndipo alipomkumbuka marehemu mkewe, Kidawa, ambaye miaka yote ile, Mhina akibaki shuleni na madaftari mpaka giza, alikuwa akimwekea chakula juu ya jiko la mkaa na kukaa nacho. Hakuwahi kukikuta cha baridi. Alidhani ndivyo chakula kilivyo.

Mhina alikula machozi yakimdondoka sahanini, mbele za watu, na hakuna aliyemtaka ayaseme kwa namna nyingine.